Mlango wa Lamu Huoza Kuanzia Mguuni: Namna ya Kutengeneza Utakaodumu

Ukipita Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, itazame milango ya zamani kuanzia chini. Huko juu nakshi bado ni kali, kila ua na jani lake. Lakini shuka mpaka pale mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, unapokutana na kizingiti, ubonyeze kwa ncha ya kisu: mara nyingi kisu kinazama. Mbao imelainika, rangi yake imekuwa ya kijivu, na ukikwangua unatoka unga. Huo ndio ugonjwa wa mlango wa Lamu. Mlango hauuawi na kufunguliwa na kufungwa. Unauawa na maji yanayotulia mguuni, chumvi ya hewa ya bahari, na mchwa anayefuata unyevu.

Maelezo haya ni ya mlango wa mbawa mbili unaofungukia ndani, wenye uwazi wa sentimita 110 kwa 200, kwa nyumba ya mawe na chokaa. Fundi mwenye randa, misumeno, juba, patasi na keekee nzuri anaweza kuutengeneza. Nakshi ina nafasi yake hapa, ila tutakaa zaidi kwenye vizingiti na maungio, maana hapo ndipo miaka ya mlango inapoamuliwa.

Sehemu zake na kwa nini ziko hivyo

Fremu ina miimo miwili, kizingiti cha chini na kizingiti cha juu. Nyuma yake husimama mbawa mbili. Mlango wa kale hauna bawaba. Ubao wa kila ubawa ulio upande wa ukutani ni mnene kuliko wenziwe, na umechongwa ncha mbili, moja juu na moja chini, zinazozunguka ndani ya matundu. Ubao huo tutauita mgongo wa ubawa. Mbao nyingine hushikwa kwa nyuma na mataruma, yaani mbao fupi zilizokingama. Kwa nje, katikati, kuna mfaa, ubao mwembamba uliosimama wima.

Wengi hudhani mfaa ni pambo. Kazi yake ya kwanza ni kufunika nafasi iliyoachwa baina ya mbawa mbili, na nafasi hiyo lazima iwepo kwa sababu mbao hupanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi. Mfaa unafungwa kwenye ubawa mmoja tu na kuulalia wa pili kwa nje. Kwa kuwa mlango unafungukia ndani, ubawa usio na mfaa ndio unaotangulia kufunguka. Wenye mfaa hubaki umefungwa kwa komeo mpaka mwenzake atoke. Basi kabla ya kukata chochote, muulize mwenye nyumba anataka kupita upande gani kila siku. Upande huo usiwe na mfaa.

Ncha za kuzungukia nazo zina hekima yake. Ubawa wa mbao ngumu wa kipimo hiki unafika kilo 45 hivi. Ukiutundika kwa bawaba, uzito wote unavuta skrubu zilizoingia sentimita tatu au nne ndani ya mwimo, na hewa ya bahari inazila skrubu hizo polepole. Ukiusimamisha juu ya ncha, uzito unashuka moja kwa moja kwenye kizingiti na jiwe lililo chini yake. Ndiyo maana milango ya nyumba za mawe za karne ya 18 bado inazunguka. Mafundi wa Lamu, Pate na Siyu waliirithishana kazi hii kizazi baada ya kizazi. Siyu ilisifika kwa mbao na ngozi. Hapa Amu, yaani Lamu yenyewe, Muhamadi Kijuma, mshairi na mwandishi wa hati aliyefariki mwaka 1945, alikuwa pia mchongaji wa milango. Mwishoni mwa karne ya 19 yaliingia mapambo yenye asili ya Gujarat, maua na majani yaliyojaa, lakini mkono wa Lamu, wa fremu ya mraba yenye nakshi tulivu kwenye miimo na mfaa na mbawa zisizo na nakshi, haukupotea.

Mbao

Mbambakofi ndio wa kwanza kwa vizingiti. Ni mzito, mchwa hauwezi kwa urahisi, na ukishakauka hauchezi sana. Una tabia mbili za kujua mapema. Ndani ya vinyweleo vyake mna rangi ya manjano inayotoka ukilowa, na chokaa mbichi huizidisha, kwa hiyo ukuta mweupe utapata michirizi kama hukuupaka mti mafuta pande zote kabla ya kuujengea. Tena vumbi lake linawasha pua na koo, jifunike.

Msaji ni mwepesi zaidi kuchonga na unafaa miimo, mbawa na mfaa. Mvule pia unafaa. Mwarobaini unapatikana kwa bei nafuu na wadudu hawaupendi, lakini hupinda sana ukikauka. Utumie kwa mataruma mafupi, usiutumie kwa mwimo. Mbao laini za msonobari na mkaratusi mbichi tuziweke kando kabisa kwa mlango wa nje. Mti wowote ununue wenye kibali cha Huduma ya Misitu cha kusafirishia mazao ya misitu, na ubaki na nakala yake karakana.

Kataa ubao wenye sehemu nyeupe ya nje. Hata mbambakofi, ile ngozi nyeupe iliyo karibu na gome huliwa kama mti mwingine wowote. Kataa pia ubao wenye kiini cha katikati ya gogo, kwa sababu utapasuka kuanzia hapo.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, kwa haraka. Ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mmoja kivulini. Mti wa sita kwa nne unahitaji zaidi. Zipange mbao juu ya magogo, sentimita 40 kutoka chini, uweke vijiti vya unene wa sentimita 2.5 baina ya safu na safu, kila baada ya sentimita 60, kijiti juu ya kijiti mstari mmoja. Vijiti vikipishana, ubao unapinda. Paka ncha za mbao rangi nzito au nta, la sivyo zitakauka upesi kuliko katikati na kupasuka. Kwa Lamu unyevu wa asilimia 14 hadi 16 ndani ya mbao unatosha. Kukausha zaidi ni kazi bure, itarudi kunywa hewa. Huna kipima unyevu? Chukua kipande kimoja cha rundo hilo, ukipime uzito kila Ijumaa. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari.

Vipimo vya kukata

Hivi ni vipimo vya mwisho, baada ya randa:

- Miimo 2: sm 15 × 10, urefu 220
- Kizingiti cha chini 1: sm 22 × 12, urefu 160
- Kizingiti cha juu 1: sm 15 × 12, urefu 160
- Kishikio cha juu, cha kubeba ncha, 1: sm 10 × 8, urefu 140
- Migongo 2: sm 12 × 6, urefu 213
- Mbao za mbawa: unene sm 4, urefu 204, za kutosha kujaza upana wa sm 46 kila upande
- Mataruma 10, matano kila ubawa: sm 10 × 4
- Mfaa 1: sm 9 × 6, urefu 198

Jumla ni kama mita za ujazo 0.3. Nunua robo zaidi kwa ajili ya mafundo na nyufa. Mlango mzima ukiwa wa mbambakofi unazidi kilo 200, kwa hiyo panga namna utakavyofika. Vichochoro vya mji wa kale havina gari, na mkokoteni hauingii kila mahali. Fremu hubebwa ikiwa vipande, ikaungwa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni.

Mguu wa mlango

Hapa usiharakishe. Kizingiti cha chini kikate kwa ngazi: sehemu ya mbele, yenye upana wa sentimita 10, ibaki na kimo chake cha 12, ya nyuma, yenye upana wa 12, uishushe sentimita 3. Mbawa zitafunga kwa kugonga ngazi hiyo, na upepo wa kusi hautasukuma mvua ndani. Uso wa juu wa ile sehemu ya mbele upige randa uwe na mteremko wa milimita 5 kuelekea nje. Kizingiti kilicho bapa hushika maji kama sahani.

Mwimo una ulimi wa unene wa sentimita 3.5, yaani kama theluthi ya unene wake. Juu, ulimi wa sentimita 12 unapenya kizingiti chote na kupigwa kabari. Chini, tundu liwe na kina cha sentimita 8.5 na ulimi uwe wa 8, ili mabega ya mwimo ndiyo yakae, ulimi usigonge chini. Mabega hayo yakatwe kwa pembe ileile ya mteremko. Fundi akikata bega mraba juu ya kizingiti chenye mteremko, unabaki ufa mwembamba upande wa nje, kama ukucha. Ufa huo huvuta maji kwa nguvu kuliko tundu kubwa, na haukauki. Tukifungua milango iliyooza, uozo huanzia hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya kuunga, tibu. Yeyusha gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki katika lita 10 za maji ya moto. Simamisha ncha za chini za miimo ndani yake usiku mzima, na vizingiti uvipake mara tatu, kila mara kabla havijakauka. Acha zikauke wiki mbili. Dawa hii huzuia mchwa na kuvu lakini huoshwa na mvua, kwa hiyo lazima ifungiwe ndani. Yeyusha nta ya nyuki sehemu moja katika mafuta ya kitani sehemu tano, kwa moto mdogo, mbali na miali, upake ndani ya tundu na juu ya ulimi zikiwa na uvuguvugu. Gundi usitie kwenye maungio ya fremu. Toboa tundu la milimita 14 kupitia kizingiti na ulimi, upige pini ya mti mkavu. Siku moja atakuja fundi mwingine kutengeneza mguu huu, na pini hutoka kwa nyundo, gundi haitoki.

Sasa matundu ya kuzungukia. Kiini cha kila tundu kiwe kwenye mstari wa ukingo wa ndani wa mwimo, na sentimita 3.2 nyuma ya uso wa nyuma wa fremu. Upana milimita 47, kina sentimita 3.3. Chini kabisa weka bamba la shaba la milimita 3. Kisha toboa njia ya maji ya milimita 8, inayotoka pembeni mwa sakafu ya tundu na kushuka hadi uso wa mbele wa kizingiti. Milango mingi ya zamani haina njia hii. Tundu hujaa maji na mchanga, ncha huoza, ubawa unashuka na kuanza kukwaruza. Kazi ya kutoboa ni dakika kumi.

Nakshi

Chonga kabla ya kuunga, mwimo ukiwa umelala juu ya meza na kushikwa kwa jiriwa. Sentimita 20 za chini ziache wazi, ama uchonge mistari miwili mitatu tu. Sehemu hiyo ndiyo itakayobadilishwa miaka ijayo, na kipande kisicho na nakshi huungwa bila kuharibu kitu.

Gawa urefu uliobaki kwa idadi isiyo shufwa, ili ua moja likae katikati kabisa. Sentimita 180 zikigawiwa 15 unapata maua ya sentimita 12 kila moja. Chora kwa bikari na penseli, usitegemee jicho. Kwanza piga mstari wa mpaka wa kila umbo kwa patasi iliyosimama wima, kina cha milimita 4, kisha toa mbao ya pembeni kwa patasi iliyolala, ukielekea kwenye mstari ule. Rudia mpaka ufike milimita 10. Ukianza kutoa mbao kabla ya kukata mpaka, nyuzi zinakimbia na jani linavunjika. Patasi inoe kila baada ya nusu saa. Juu ya msaji makali hupotea haraka kwa sababu mti huo una chembechembe za mchanga mgumu ndani yake.

Sakafu ya nakshi usiisugue kwa msasa mpaka iwe laini kabisa. Alama ndogo za patasi hushika kivuli, na ua huonekana kutoka mwisho wa kichochoro. Kingo za juu ziwe na mteremko kidogo, maji yasilale juu ya jani.

Mbawa

Mbao za ubawa zisiunganishwe kwa gundi. Kila moja ichongwe ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, zikiingiliana sentimita 1, kila ungio likiachwa wazi milimita moja. Mataruma yafungwe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu au za shaba, mbili kila ubao, karibu na mstari wa katikati ya ubao huo. Ukiweka skrubu kwenye kingo zote mbili, mbao haina pa kwenda ikisinyaa, itapasuka katikati. Msumari wa chuma cha kawaida hapa Lamu hugeuka kutu, hupanuka, na kuuchana mti kutoka ndani.

Upande wa ukutani, mgongo uviringe kama mpini, nusu duara ya sentimita 3, ili uzunguke bila kukwama. Ncha ya chini iwe na upana wa milimita 45 na urefu wa sentimita 4: moja ya hizo ndiyo nafasi chini ya ubawa, tatu zinaingia tunduni. Ya juu sentimita 5.

Upana wa ubawa unategemea msimu. Jumla ya nafasi ni sentimita 116, maana kila upande unalalia mwimo kwa sentimita 3. Ukitundika Januari au Februari, upepo wa kaskazi ukiwa mkavu, acha milimita 7 baina ya mbawa. Ukitundika Mei, mbao zikiwa zimeshiba, milimita 2 zinatosha. Tofauti hii ndogo ndiyo inayofanya mlango mmoja ukwame kila masika, mwenye nyumba akaita fundi aupige randa, na kaskazi ikija mwanga unapita katikati.

Mfaa ufungwe mwisho, kutoka ndani, kwa skrubu sita zinazopita kwenye ubao mmoja tu wa ukingo. Uwe sentimita 198, ubaki na nafasi ya sentimita moja juu na moja chini. Mfaa unaogusa kizingiti hunywa maji kwa ncha yake na huoza kimyakimya nyuma ya nakshi.

Kusimamisha

Ondoa udongo mpaka ufike jiwe imara. Tandika karatasi ya lami, kisha kizingiti, uso wake wa chini ukiwa angalau sentimita 5 juu ya sakafu ya daka. Simamisha miimo, teremsha kizingiti cha juu, pima kwa timazi pande mbili, na upime mishazari: ikitofautiana zaidi ya milimita 3, legeza kabari urekebishe. Weka mbawa, ncha za chini ziingie matunduni, ndipo ufunge kishikio cha juu nyuma ya kizingiti kwa boliti nne. Tunapendelea boliti kwa sababu ubawa unaweza kutolewa bila kubomoa ukuta.

Jazia kwa mawe madogo na chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa kwa maji baridi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Saruji tunaikataza kabisa hapa. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji huziba, na unyevu uliokuwa ukitoka ukutani hutafuta njia kupitia mwimo. Nyumba yako ikiwa ndani ya mji wa kale, ulioandikwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, pitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kubadilisha chochote kinachoonekana kutoka nje.

Madirisha yanafuata kanuni zilezile kwa kipimo kidogo. Kizingiti cha chini cha dirisha kitoke nje ya ukuta sentimita 4 na kiwe na mfereji wa milimita 6 chini yake, tone la mvua likatike hapo badala ya kurudi ukutani.

Mafuta na matunzo

Vanishi ya kung'aa hupendeza miezi michache ya mwanzo. Jua la pwani huipasua, maji huingia chini yake na hayatoki. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini mara ya kwanza, kisha mara mbili bila kuchanganya. Futa yanayobaki juu baada ya dakika 20, maana yakiachwa hunata na kuvutia kuvu jeusi. Matambara yenye mafuta haya yatandaze nje yakauke au yatumbukize kwenye maji. Ukiyarundika pembeni mwa karakana huweza kushika moto yenyewe.

Kila Machi, kabla ya mvua, toa boliti nne, inua mbawa, zoa mchanga matunduni, pitisha waya kwenye njia ya maji mpaka utokee mbele, paka ncha nta, urudishe. Bonyeza mguu wa kila mwimo kwa kisu. Kikizama chini ya milimita 5, kwangua hadi mti mzima, tibu kwa boraksi, acha ukauke, paka mafuta. Kikizama zaidi ya sentimita moja, kata kwa mshazari wa sentimita 40 kupanda juu, uunge kipande cha mbambakofi kwa pini mbili, uso wa mshazari ukishuka kuelekea nje. Mwimo wa zamani wenye nakshi nzima usiutoe kwa sababu ya mguu tu.